Mbwa Wangu Hakuwa wa Mwisho

Wa mwisho! Yule bwana wa karatasi alisimama mbele ya uwanja mzima, akakohoa kama mbuzi aliyekwamwa na ganda la muhogo, akasema, "Nafasi ya tisa, ambayo ndiyo nafasi ya mwisho, imechukuliwa na mbwa wa bibi kutoka mtaa wa Kambarage." Na sauti yenyewe inatokea puani, kama anamsomea risala mgeni rasmi. Wa tisa, na mbwa walikuwa tisa. Mpaka leo nikikumbuka, mkono unatafuta fimbo wenyewe.

Mimi shule sikwenda. Nimechunga ng'ombe za baba, nimecheza ngoma, nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Lakini masikio ninayo. Mtu akisema mbele yangu mara moja tu, sauti yake inabaki humu. Wanangu wananiambia, "Mama, acha kuiga watu, iko siku utapigwa." Wa kunipiga anyooshe mkono nimwone. Haya ninayosema nayasema kwa sauti za wenyewe, na kama kuna mtu ataona nimemwiga vibaya, aje alalamike, nyumba yangu anaijua.

Huyu mbwa aliletwa na mwanangu wa pili. Mwanangu ana karasha Mwakitolyo, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yanakuwa unga, ikiunguruma meno yanacheza mdomoni. Alikuja asubuhi moja na pikipiki, juu ya tangi kaweka boksi, na ndani ya boksi kuna kitu kinalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea kuku?"

"Sio kuku, maza. Mbwa huyo. Mbegu kali, babake analinda geti kule Geita."

Mwanangu akishakaa machimboni sana anaongea amebana meno, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo kama moshi wa sigara. Akasema, "Nilelee miezi mitatu tu. Akikaza mifupa nakuja kumbeba. Mawe yangu yanaibwa pale kila siku, maza. Nataka akae kwenye karasha, mtu akisogea tu, anaacha paja."

Nikamwuliza, "Na yule wa kwanza?"

Akaanza kuangalia tairi la pikipiki yake.

Yule wa kwanza nilimwona kwa macho yangu. Nilikwenda Mwakitolyo kumpelekea mkwe wangu mahindi mabichi, nikamkuta mbwa kafungwa mnyororo kwenye nguzo ya karasha. Mnyororo mfupi, hafiki popote isipokuwa kwenye dimbwi. Na dimbwi lenyewe ndipo wanapooshea ule unga wa mawe kwa zebaki, dawa yao ya kukamatia dhahabu. Maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Mbwa anakunywa hayo hayo, maana mengine hakuna mtu aliyempa. Manyoya ya mgongoni yamekwisha, miguu ya nyuma inatetemeka kama mzee aliyesimama sana kwenye foleni. Nilisema pale pale, ni hayo maji. Mwanangu akanijibu, "Minyoo tu hiyo, maza." Wiki mbili baadaye hiyo minyoo yake ikamuua.

Kwa hiyo huyu wa kwenye boksi nilimpokea, nikasema haya baba, miezi mitatu. Moyoni nikasema, nyoo.

Miezi mitatu ikawa sita. Sita ikawa mwaka na kitu. Kila akija kumchukua namwambia mifupa bado. "Mama, mifupa gani? Mbona mkubwa kama ndama?" Ninamwambia mifupa ya nje imekaza, ya ndani bado. Anaondoka anatikisa kichwa. Lakini nilijua iko siku haitafaa tena hiyo ya mifupa.

Mwaka huu wakaja watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikamfunga kamba, tukapanga foleni. Daktari mwenyewe msichana, katoka pwani, maneno yake anayavuta kama mtu anayenyoosha shuka. Mbwa wangu alipoiona ile sindano, aliruka meza. Si kuigusa. Aliiruka yote, na mabenchi mawili nyuma yake, akatua katikati ya mbuzi za watu. Mimi nikajua nitatukanwa. Daktari akashika kiuno.

"Jamani bibi yanguuu! Huyu mbwa ana miguu huyuuu!"

Ndiye aliyeniambia kuhusu mashindano. Kwamba mwezi wa nane, hapa hapa mjini, watashindanisha mbwa kwa kuruka vizuizi. Walinzi wa machimboni Geita watakuja na mbwa zao, lakini hata mtu wa nyumbani akitaka anaruhusiwa. Akatoa simu akanionyesha mbwa wa Ulaya huko wanakimbia, wanaruka fito, wanapita katikati ya tairi, wanaingia kwenye bomba la kitambaa wanatokea upande wa pili, wanapanda ubao, wanapita vijitini wakijipinda kama nyoka. Nikatazama mara tatu. Nikasema hii naiweza.

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia, mbwa anakwenda mashindanoni. Akishinda anabaki kwangu mpaka afe kwa uzee. Akacheka mpaka nikasikia na wenzake huko wanamwuliza kuna nini.

"Haya, maza. Akiingia tatu bora nakuachia, haki ya Mungu. Asipoingia, siku hiyo hiyo naondoka naye, sitaki tena habari za mifupa. Tumekubaliana?"

Nikasema tumekubaliana. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Hakuna aliyenishika koo.

Basi nikaanza kazi. Fito yangu ya kuruka ilikuwa mchi wa kinu, nimeulaza juu ya madebe mawili. Siku ya kwanza alipita chini ya mchi. Ya pili akapita chini. Ya tatu akaubeba mchi mdomoni akanipelekea jikoni, anadhani nataka kutwanga. Nikamtukana, kisha nikamwonyesha dagaa mmoja upande wa pili, akaruka. Kumbe bwana alikuwa anangoja mshahara.

Tairi niliomba kwa fundi wa baiskeli za magurudumu matatu, nikalining'iniza kwenye mwarobaini. Vijiti nilitumia miti ya pamba iliyokwisha vunwa, nikaipanga mstari mbele ya choo. Kumwita namwita kwa Kisukuma, "Nzugu!", yaani njoo, na anakuja mbio masikio yamelala. Kiswahili namsemea wakati wa kumgombeza tu, ndiyo maana Kiswahili hakipendi.

Taabu ilikuwa bomba. Nilishona viroba sita vya mbolea ya sulfeti, kimoja kwenye mdomo wa kingine, likawa shimo refu la plastiki. Mbwa akalitazama, akanitazama mimi, akalala chini. Dagaa hataki, mfupa hataki. Nikaona hapa mwalimu aingie kwanza. Nikapiga magoti nikaingia. Nimefika katikati, miguu iko nje, kichwa hakijui kilipo, nasikia mlangoni sauti ya jirani yangu. Huyu mama ameokoka, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa.

"Bwana Yesu asifiwe, mama… Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeingia humo kufanya nini?"

"Namfundisha mbwa."

Kandambili zake zikasogea karibu. Kisha nikasikia, taratibu kabisa, "Nimwite mchungaji?"

Nikacheka mle ndani mpaka vumbi la mbolea likaniingia puani, nikapiga chafya. Na kule kupiga chafya ndiko kulikoniokoa, maana mbwa alidhani nimekufa. Aliingia kwa nyuma, akanikanyaga mgongoni, akapita juu yangu akatokea mbele. Tangu siku hiyo bomba likawa kama nyumba yake.

Sasa hapa nieleze vizuri, maana hapa ndipo wanaposema nilikosea.

Huku kwetu, watu wakishavuna, ngoma zinashindana. Pande mbili, uwanja mmoja. Ngoma zote zinapigwa wakati mmoja, hawa huku, wale kule, na watu wako katikati. Hakuna mwenye filimbi, hakuna mwenye karatasi. Watu wenyewe wanakwenda wanakovutwa. Ukiwavuta wakaja kwako, umeshinda. Wakikuhama ukabaki na wapiga ngoma wako na kuku, umeshindwa, fungasha. Wala hakuna haraka. Mnaweza kucheza kutwa nzima, na anayedumu ndiye mwanamume. Marehemu mume wangu alikuwa anacheza na chatu shingoni, mimi namzunguka naiga watu. Namwiga bwana shamba anavyopima pamba. Namwiga kiongozi wa upande wa pili anavyotembea na jipu lake. Nyie! Watu walikuwa wanahama kule wanakuja kwetu mbio, viatu vinabaki njiani. Na wale wenzetu wanafunga ngoma zao wanaondoka bila kusubiri kuambiwa na mtu, maana kila mwenye macho ameona.

Hayo ndiyo mashindano ninayoyajua. Kwa hiyo mbwa wangu nilimfundisha mashindano. Nilimfundisha akifika juu ya ubao asimame, anyanyue mguu mmoja wa mbele, awatazame watu taratibu, kushoto, kulia, kama mkuu wa wilaya. Wakimpigia makofi, anapata dagaa. Akipita tairi watu wakashangilia, arudi apite tena. Wanafunzi wakitoka shule walikuwa wanasimama kwenye ua wangu kumtazama, na mimi nawaambia pigeni makofi, pigeni, msinitolee macho. Miezi mitatu hivyo, kila siku ya Mungu. Magoti yangu haya yamekwisha kwa ajili hiyo.

Daktari alikuwa amesema watu watatu watakaa mezani. Nikajua ni wa kuandika majina. Mtu aliyekaa kivulini, watu wote wako nyuma ya mgongo wake, atajuaje watu wamekwenda kwa nani?

Siku ikafika. Mwanangu akaja kutoka Mwakitolyo na pikapu ya rafiki yake, na nyuma ya pikapu nikaona mnyororo mpya, bado una karatasi ya dukani. Nikajifanya sijauona.

Wale walinzi wa Geita walikuja wamepiga pasi mpaka soksi. Mkubwa wao mtu wa Mara, sauti kama anavunja kuni. "Kaaa! Simama! Pitaaa!" Na mbwa zao kweli zinapita. Fito, tairi, bomba, ubao, vijiti, kwisha. Kabla hujamenya karanga ya pili, mbwa kashamaliza, karudi kukaa. Lakini nilitazama watu. Watu wanakula miwa! Wanaongea habari zao! Mmoja kalala. Nikasema moyoni, hawa hawana kitu. Wanaruka kama watu wanaosubiri mwisho wa mwezi.

Ikaja zamu yetu. Nikavua viatu. Nikasema "Nzugu!" na tukaingia.

Aliruka fito zote kama mchi wa nyumbani. Alipofika kwenye tairi akapita, mtu mmoja akapiga makofi, na mbwa akageuka, akarudi, akapita tena. Watu wakacheka. Wakapiga makofi zaidi. Akarudi tena. Mimi huku namwiga yule mtu wa Mara, "Kaaa! Simama!" na mbwa anapita tu hanisikilizi, maana hicho ni Kiswahili. Loh! Watu wakatupa miwa. Waliokuwa upande wa pili wakitazama mpira wakauacha mpira. Wauza barafu wakaja na barafu zao. Akapanda ubao, akasimama juu, akanyanyua mguu, akawatazama kushoto, akawatazama kulia, na uwanja wote ukapiga kelele moja. Wale walinzi wenyewe walikuwa wanacheka. Yule bwana wa karatasi pale mezani alipuliza filimbi mara tatu, nikadhani na yeye amefurahi. Na mwanangu nilimwona. Alikuwa mbele kabisa, anafuta machozi, anapiga makofi mikono imepanda juu ya kichwa, kama babake.

Nikatoka nimebeba mbwa begani, na ni mzito, nyie. Nilijua kabisa kwamba nimeshinda. Nilishajua atalala wapi akizeeka.

Ndipo yule wa karatasi akakohoa.

Nikamfuata mezani. Nikamwambia, hebu rudia. Akarudia kwa puani vile vile.

"Bibi, kwa mujibu wa kanuni, mshindi ni yule anayetumia muda mfupi bila makosa. Mbwa wako ametumia dakika sita. Na tairi amelirudia mara nne."

"Mara tano! Kama unaandika, andika vizuri."

"Mara tano. Ahsante. Hayo yote ni makosa."

"Na watu je?"

"Watu gani, bibi?"

"Hawa! Hawa waliokujazia uwanja! Wamekwenda kwa nani?"

Akatazama karatasi yake, upande huu, akageuza upande wa pili, anawatafuta kweli. Akasema, "Bibi, watu hawamo kwenye fomu."

Nilimtukana. Sitasema nilivyomtukana, lakini nilimtukana kwa sauti yake mwenyewe, kwa puani, na wale wenzake wawili wakainama chini ya meza wanacheka. Daktari akaja mbio, ananishika mkono. "Jamani bibi yanguuu, si nilikuonyesha kwenye simu? Mimi nilidhani unajuaaa!" Unajuaaa. Wewe uliniambia habari ya saa? Ulinionyesha mbwa wanakimbia, nikajua wanakimbia kwa sababu ni vijana! Miezi mitatu daktari huyu amepita kwangu mara ngapi, kamwona mbwa anasimama juu ya ubao, anasema "mzuri huyooo", anakunywa chai yangu, anaondoka. Kumbe anaona kosa na ananyamaza kwa adabu. Adabu yake hiyo nitamrudishia siku moja.

Nilipogeuka, mwanangu amesimama nyuma yangu na ule mnyororo.

"Mama, tulikubaliana."

"Ulipiga makofi."

"Nilipiga, ndiyo."

"Ulilia machozi."

"Nililia kwa kucheka. Makofi ni makofi tu, mama. Tulisema tatu bora."

"Wewe umezaliwa na ngoma. Babako alishinda uwanja mzima bila karatasi, leo wewe ndiye wa kunisomea saa ya yule wa puani?"

"Nafuata ulichosema mwenyewe."

Na hapo ndipo hasira inaponiunguza mpaka leo. Alikuwa na haki. Nilisema. Angenidanganya ningempiga na kiatu, tungemaliza. Lakini alisimama pale anashika neno langu kwa ncha za vidole, anataka nilichukue mbele ya watu wote.

Nikasema sawa. Mbwa anakwenda kazini. Nikamfunga mnyororo mimi mwenyewe, nikampandisha kwenye pikapu. Tukapita nyumbani, nikatoa dumu la maji la lita ishirini, mkeka, sufuria, kigoda changu na khanga mbili. Nikapanda nyuma, nikakaa karibu na mbwa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Mama, shuka."

"Tulikubaliana mbwa aende. Nani alikubali mimi nibaki?"

Yule rafiki yake mwenye pikapu akawasha gari. Alikuwa anacheka, namshukuru.

Nilikaa kwenye karasha siku sita. Kuanzia mashine inapowashwa mpaka inapozimwa, mimi niko kwenye kigoda, mbwa kafungwa nguzo ile ile ya mwenzake. Kelele ile ukizoea unasikia watu kwa kutazama midomo. Vumbi linakuingia mpaka kwenye chai. Kila mbwa akigeuza pua kwenye lile dimbwi nampigia kelele, "Yaya!", hapana, na ninamwekea maji ya dumu kwenye sufuria. Na dimbwi liko vile vile, chai ya maziwa iliyolala. Na wale vijana wanakanda zebaki kwa mikono mitupu, wakimaliza wanachukua maandazi kwa mikono hiyo hiyo. Niliwasema wote. "Bibi, tumezoea." Na yule mbwa wa kwanza alikuwa amezoea.

Wachimbaji wakaanza kuja kunisalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kuiba?"

"Hapana, bibi! Tunakuona umekaa hapa juani, tukasema tuulize."

"Nalinda mawe ya mwanangu. Alitafuta mlinzi akakosa, akamwajiri mama yake." Kisha nabana meno, natoa sauti upande mmoja. "'Maza, mtu akisogea tu, anaacha paja.'"

Walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Kesho yake wanakuja na wenzao. Siku ya tatu wananiletea chai, wananiuliza, bibi, bosi leo kasemaje? Namwiga bosi anavyopima unga, bosi anavyoongea na simu mbili. Siku ya nne wenye karasha nyingine wakawa wanampigia mwanangu simu, "Bosi, maza bado yuko zamu?" Mkwe wangu, mtoto wa watu, ana sauti nyembamba ya kuomba radhi hata akikupa ugali, akaja kupiga magoti. "Mama, njoo basi ukae ndani. Wanasema tunakunyima chakula." Nikamwambia sina ugomvi na wewe, mwanangu, nenda kalishe watoto. Wewe hukununua mnyororo.

Siku ya sita mwanangu akaja mwenyewe. Hakubana meno. Akachuchumaa mbele ya kigoda, akaongea kwa ile sauti aliyokuwa nayo kabla hajajua kwamba mama anaweza kukosea.

"Mama, nenda nyumbani."

"Na mbwa?"

"Nenda na mbwa."

"Umemwachia?"

"Nimemwachia, mama. Kabisa."

"Kwa nini?"

"Watu wananicheka. Nikipita wananiitia, 'Anaacha paja!'"

"Si kwa sababu ya maji?"

"Maji gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Dimbwi liko hatua mbili kutoka kwenye kiatu chake. Akalitazama kama mtu anayetazama jiwe.

"Mama, wewe nenda tu. Gari nimeshalipia."

Nikafungasha. Nikamfungua mbwa, mnyororo nikautupia ndani ya lile dimbwi, na nadhani aliutoa nilipoondoka, maana ni mpya. Wale wachimbaji walinishangilia mpaka gari likazunguka kona, na mimi sikuwageukia. Mtu anashangiliwa akishinda. Mimi nilikuwa nimewachekesha watu, mwanangu akaona haya, basi. Alichokiona ni uso wake. Dimbwi hakuliona. Nilikohoa wiki mbili mfululizo, mbwa yuko miguuni kwangu, ana manyoya yake yote, na hasira iko pale pale.

Juzi mkwe wangu kanipigia simu. Sauti nyembamba kuliko siku zote. Watoto hawajambo, mvua bado, mashine ilikuwa mbovu imepona, na… na baba watoto kaleta mbwa mdogo. Wa miezi minne. Wamemfunga kwenye karasha.

Nikasema mpe simu mumeo.

"Shikamoo, maza."

"Marahaba. Nasikia umepata mtoto."

"Aah, mama. Huyu usiwe na wasiwasi. Huyu nampa maji ya chupa."

"Maji ya chupa?"

"Ya chupa, mama. Haki ya Mungu."

"Unamwekea kwenye nini?"

"Nini?"

"Bakuli lake. Lina rangi gani?"

Nikasikia karasha inaunguruma. Inaunguruma, inaunguruma. Kisha akasema, "Mama, nina watu hapa," akakata.

Nimeshajaza dumu. Gari la kwanza la Mwakitolyo linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.